Bahari, ziwa au bwawa: uchague triathloni ipi msimu wa upepo na mvua?

Triathloni ya sprinti ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, moja baada ya nyingine bila mapumziko. Mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya kila siku anaweza kuufanyia mazoezi umbali huo. Kinachowakwamisha wengi ni tarehe. Huku kwetu ukikwepa masika unakutana na kusi, na ukikwepa kusi unaikuta vuli inakungoja. Anayesubiri siku tulivu atasubiri sana. Bora ujiulize ni hali mbaya ya aina gani unaiweza, kisha uchague maji kulingana na jibu lako, maana mahali pa kuogelea ndipo panapoamua barabara utakayoendesha, baridi utakayoikuta na hata kama mashindano yatafanyika.

Nalinganisha aina tatu: ya baharini, kama pwani ya Kilifi, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, ya ziwani, kama Victoria au Kivu, na ile inayoanzia kwenye bwawa la kuogelea, ambayo watu wa bara wanaweza kuianza karibu na nyumbani.

Vigezo

Kwanza, maji yanafanya nini hali ikichafuka, na msaada uko umbali gani ukichoka. Pili, barabara ya baiskeli ikilowa au ikipigwa na upepo. Tatu, mbio za mwisho, ingawa hapa tofauti ni ndogo na sitazipa maneno mengi. Nne, uwezekano wa mashindano kufutwa, kufupishwa au kugeuzwa. Mwisho, kila aina inamfaa nani.

Uzito wa vigezo hivi haulingani. Utafiti mmoja wa Marekani ulioangalia vifo na mioyo kusimama katika triathloni kati ya mwaka 1985 na 2016 ulipata matukio 135, na 90 kati yake yalitokea wakati wa kuogelea. Wengi hawakuwa wamegonga kitu wala kupigwa na kitu. Ni mwili uliozidiwa majini. Barabarani ndiko watu wanakoanguka na kuchubuka. Ndiyo maana maji nayapa nafasi kubwa kuliko baiskeli, hata kama wenye baiskeli za bei watanuna.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mvua ya juzi inaweza kuharibu mashindano ya leo. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mbio za wanaume zilisogezwa kutoka tarehe 30 Julai hadi 31 kwa sababu mvua ilikuwa imeuchafua mto Seine. Asubuhi ya tarehe 31 wanawake waliendesha kwenye lami iliyolowa, na kadhaa wakaanguka, ingawa hao ni watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Kwetu mitaro ya mji inamwaga baharini na ziwani bila kupita popote. Mvua kubwa ikinyesha, uogeleaji ulio karibu na mdomo wa mto au mtaro ni wa kuutilia shaka kwa siku mbili hivi, hata jua likiwaka.

Bahari

*Majini.* Hapa elimu ya pwani ina faida kuliko saa ya mkononi ya bei ghali. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndipo bahari huchafuka hasa. Kunapokuwa na mwamba mbele ya ufuo, mawimbi makubwa huvunjikia huko nje na ndani hubaki maji ya kuchezea watoto. Lakini hiyo ni maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa sana, mawimbi huruka mwamba na kuingia ndani, na ufuo uliouona mtulivu jana mchana unakuwa kitu kingine.

Halafu kuna bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita siku nyingine. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Mashindano mengi huanza saa moja hivi. Maana yake unaingia majini wakati bahari inatoka kwa nguvu, na maji yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yanatafuta mlango wa kutokea. Fanya hesabu kidogo: anayemaliza mita 750 kwa dakika 18 anakwenda chini ya mita 0.7 kwa sekunde. Mkondo wa mita 0.3 tu kwa sekunde ukimkabili unamnyang'anya zaidi ya theluthi moja ya mwendo wake, na ukimpiga ubavuni kwa dakika 10 bila yeye kurekebisha, unampeleka mita 180 pembeni ya boya. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mambo ni mapole zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, angalia tarehe ya mashindano iko wapi kwenye mwezi. Kama huna jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote pale ufukweni. Atakujibu bila kutazama popote.

Faida ya bahari ni chumvi: unaelea vizuri kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi. Suti ya mpira usiihesabu. Kanuni za kimataifa zinawakataza washiriki wa kawaida kuivaa kwenye umbali huu maji yakifika nyuzi 22, na bahari yetu haishuki huko hata Agosti. Kinachowachosha watu ni kuinua kichwa kutafuta boya na kukuta wimbi badala ya boya. Inua macho ukiwa juu ya wimbi, usiinue ukiwa bondeni mwake, na jizoeze kuvuta pumzi pande zote mbili ili upate upande wa kukimbilia upepo unapokurushia maji mdomoni. Ukizidiwa, kanuni zinakuruhusu kushika boya au mashua iliyosimama, ilimradi isikusogeze mbele. Wengi hawajui hili, wanapambana hadi wanaishiwa.

*Barabarani.* Barabara za pwani ni tambarare na ziko wazi, na upepo ndio mlima wake. Ukienda kilomita 30 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikukabili, hewa inakupiga kwa kasi ya 50, na nguvu inayokurudisha nyuma inakaribia mara tatu ya ile ya siku tulivu. Usitegemee kurudishiwa yote ukigeuza. Kilomita 10 za kwenda kwa mwendo wa 22 zinakula dakika 27, kilomita 10 za kurudi kwa mwendo wa 38 zinakula karibu 16. Jumla 43, wakati mwenye mwendo wa 30 mwanzo hadi mwisho angemaliza kwa 40. Kwa hiyo ukikabiliwa na upepo inama, punguza gia, kubali kwenda polepole. Rimu ndefu zinazopendeza kwenye picha ni adui upepo unapokuja ubavuni, hasa unapotoka kwenye kivuli cha ukuta wa hoteli na kuingia penye uwazi. Angalia pia mchanga unaotandazwa na upepo kwenye kona. Uko palepale unapotaka kulaza baiskeli.

*Kwa miguu.* Joto likiwepo ni la unyevu, na kusi inakupunguzia. Kama njia inapita ufukweni, maji yakiwa yamekupwa unakimbia kwenye mchanga mgumu, yakijaa unakimbia kwenye mchanga laini unaomeza kiatu. Tena bamvua.

*Kufutwa.* Upepo peke yake hauhitaji kufuta kila kitu. Waandaaji wanaweza kusogeza maboya karibu na ufuo, kufupisha njia, au kuondoa kuogelea kabisa. Ikigeuzwa duathloni, umbali wa kawaida ni kilomita 5 za kukimbia, 20 za baiskeli, na 2.5 za kukimbia tena. Waogeleaji wazuri hulia siku hiyo na wakimbiaji hushangilia.

*Inamfaa* mtu aliyekulia pwani, au aliyekwisha kuogelea baharini penye mawimbi mara kadhaa akiwa na wenzake. Kujua kuogelea bwawani hakutoshi.

Ziwa

*Majini.* Ziwa halina maji kujaa na kupwa, kwa hiyo unachokiona jioni kuhusu kina na ufuo ndicho utakachokikuta asubuhi. Wimbi lake ndilo tatizo. Ni fupi, limesimama wima, na linakuja haraka. Unainua mkono, unapigwa kabla hujamaliza kuuvuta. Baharini unaweza kupanda na kushuka na wimbi, ziwani unapigwapigwa. Na kwa kuwa maji hayana chumvi, miguu inazama zaidi, hasa kwa wanaume wenye mapaja ya baiskeli.

Hatari kubwa ya Ziwa Victoria ni radi. Mchana dhoruba huzuka nchi kavu. Usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto na dhoruba huhamia ziwani. Wavuvi wa Mwanza, Entebbe na Kisumu wanaujua ukweli huu kwa majina ya ndugu zao. Sasa fikiria tena ile saa moja asubuhi: ndio mwisho wa zamu ya dhoruba. Unaweza kufika ufukweni kukiwa na utulivu wa kuvutia huku wingu la usiku likiwa bado linanguruma upande wa pili wa upeo. Desturi iliyokubalika ni kwamba radi ikisikika hakuna anayeingia majini, na hesabu ya dakika 30 inaanza upya kila inaponguruma. Usijiandikishe kwa waandaaji wasioweza kukueleza utaratibu wao wa radi kabla hujalipa.

Kuna kichocho pia. Kwenye fukwe za Victoria vimelea hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na wanaingia kupitia ngozi, hivyo kujifuta mwishoni hakukuhakikishii chochote. Anayeshindana ziwani azungumze na daktari kuhusu kipimo wiki kadhaa baadaye, hata asipojisikia vibaya. Hilo halihusiani na hali ya hewa, ila upepo ukisukuma majani hadi kwenye njia ya kuogelea linakuhusu zaidi.

Kivu ni jambo tofauti kidogo. Rubavu, mji wa Rwanda ulio ufukweni mwake, imekuwa na mashindano ya Ironman 70.3 (triathloni ndefu zaidi, jumla ya maili 70.3) tangu mwaka 2022, kwa hiyo mji unaifahamu kazi ya kufunga barabara na kupanga mashua. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar au Mombasa ataisikia pumzi ikipungua kwenye mita 200 za kwanza, na atadhani ni woga. Huenda ni vyote viwili. Anza polepole.

*Barabarani.* Kuzunguka maziwa kuna vilima, na mvua juu ya mteremko ndiyo inayovunja mabega. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya tatu, kwa sababu inanyanyua mafuta yaliyoganda kwenye lami kabla ya kuyaosha. Breki za rimu zikilowa huchelewa kushika: zibane kidogo mapema ili zifute maji, ndipo uzibane kwa nguvu. Breki za diski zinakusamehe zaidi. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukibana ndani ya kona umekwisha. Na penye dimbwi chukulia kuna shimo au tuta chini yake hadi utakapothibitishiwa vinginevyo.

*Kwa miguu.* Hewa ni ya kupendeza baada ya mvua. Matope pembeni mwa njia, basi.

*Kufutwa.* Hapa ndipo ziwa linaposhindwa na wenzake wote. Upepo unaweza kufupisha njia, lakini radi inasimamisha kila kitu, baiskeli na mbio pia. Kusubiri nusu saa ukiwa umelowa kunaweza kuzaa nusu saa nyingine. Beba koti na kitu cha kula kwa ajili ya kusubiri.

*Inamfaa* mpanda vilima mwenye baiskeli anayoiamini, asiyeogopa maji yenye giza, na mwenye subira ya kukaa chini ya turubai bila kugombana na waandaaji.

Bwawa

*Majini.* Mita 750 ni urefu wa bwawa la mita 25 mara 30, au la mita 50 mara 15. Hakuna wimbi, hakuna mkondo, na ukichoka ukuta uko karibu. Kwa usalama wa majini, bwawa halina mshindani. Hata mvua kubwa haibadilishi chochote ukiwa ndani yake.

Lakini si starehe tupu. Washiriki huachiliwa mmoja mmoja kwa kupishana sekunde kadhaa, hivyo mnarundikana njiani kama mmoja aliandika muda wa uongo kwenye fomu. (Na kila mwaka wapo. Mtu anajiandikia dakika 14, anaogelea 22, na mkia wa watu sita unamfuata nyuma.) Anayetaka kupita humgusa wa mbele mguuni, na adabu ni kumpisha ukutani. Hesabu ya mizunguko inapotea kirahisi. Hesabu kwa mafungu ya mitano. Na kwa sababu hamkuanza pamoja, aliyevuka utepe wa kwanza huenda siye mshindi. Kwa wapenda kufukuzana ana kwa ana, hilo linapunguza utamu.

*Barabarani.* Hapa ndipo bwawa linapolipiza. Mabwawa mengi yako mijini, na barabara za mjini mvua ikinyesha zina kila kitu: mifuniko ya chuma inayoteleza, mistari iliyopakwa rangi, mitaro iliyofurika, bodaboda aliyeamua kwamba kizuizi hakimhusu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina baridi ambayo watu wa pwani huidharau. Unatoka kwenye maji ukiwa umelowa chapachapa asubuhi ya Julai, unapanda baiskeli, na upepo wa mwendo wako mwenyewe unakukausha kwa kukugandisha. Vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki vizuri. Weka koti jepesi la upepo juu ya kofia ya baiskeli, mikono yake ikiwa tayari imegeuzwa upande wa nje, ili ulivae bila kupambana nalo ukiwa umelowa. Sekunde 20 utakazopoteza utazipata kwenye kona ya kwanza utakayoweza kuipiga breki.

*Kwa miguu.* Mara nyingi ni mizunguko mifupi kwenye uwanja au lami. Hakuna la kuogopesha.

*Kufutwa.* Ni nadra kuliko kwingine, kwa kuwa maji hayachafuki kwa upepo. Radi hufunga bwawa la wazi pia, na barabara iliyofurika inaweza kupunguza mizunguko ya baiskeli. Ila uwezekano wa kurudi nyumbani umemaliza michezo yote mitatu ni mkubwa zaidi hapa.

*Inamfaa* anayeanza, anayerudi baada ya kuugua au kujifungua, mzazi asiyeweza kusafiri, na yule anayejijua kuwa anapata hofu akiona maji yasiyo na ukingo.

Mambo yasiyobadilika popote uendako

Punguza kidogo upepo wa tairi lami ikilowa. Viatu vya kukimbia na soksi vitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, uviweke mdomo ukiangalia chini pale pa kubadilishia. Soksi kavu baada ya kilomita 20 za mvua ndizo zinazokuepusha na malengelenge. Mafuta ya mgando kwapani na mapajani, kwa sababu nguo iliyolowa inasugua. Vioo vya miwani ya kuogelea viwe vyeupe, visiwe vyeusi, siku ya mawingu.

Kwa hali yako wewe

Kama hii ni triathloni yako ya kwanza na hujawahi kuogelea nje ya bwawa, anza na bwawa, hata kama marafiki wanakwenda Kilifi. Ukiwa tayari unaogelea baharini lakini baiskeli yako ni ya kuazima, bahari inakufaa kuliko vilima vya ziwani, ilimradi tarehe isiangukie bamvua. Ikiangukia, piga simu uulize kama muda wa kuanza umepangwa kufuata maji au kufuata ratiba ya wageni rasmi.

Mwenye baiskeli nzuri, breki za diski na mazoezi ya vilima atapata faida zaidi ziwani. Mwenye likizo ya siku mbili tu na nauli ya kubana, asiyeweza kumudu kusafiri na kukuta mashindano yamefutwa, achague bwawa au bahari kabla ya Ziwa Victoria msimu wa mvua. Mkimbiaji wa kweli ambaye kuogelea ni adhabu kwake ajiandikishe baharini Julai na aombe kimoyomoyo kwamba itageuzwa duathloni, lakini awe na uwezo wa kumaliza mita 750 endapo dua haitajibiwa.

Mwenye historia ya moyo, presha au kuzimia, amwone daktari kabla ya chaguo lolote kati ya haya matatu.

Na ukishalipa, ukafika, ukasimama ufukweni ukaona hali inazidi ile uliyoifanyia mazoezi, bado una chaguo la kutoingia. Mwambie ofisa wa mashindano kuwa unajitoa na urudishe chipu yako ya kupimia muda, ili waokoaji wasikae wakimtafuta majini mtu aliyekwisha kwenda kunywa chai.